Gari Lililokunywa Maji

Jumanne, 1 Julai

Maharage yako juani tangu asubuhi. Kuku wa jirani nimewafukuza mpaka nimechoka. Vumbi la hapa Juru limeingia hata kwenye chai. Sijali!

Permi yangu ya kuendesha gari imetoka. Kwenye picha nimekunja uso kama mtu anayeumwa jino, lakini jina limeandikwa vizuri. Mapendo. Mama ameishika kwa ncha za vidole akiogopa kuipaka mafuta. Papa ameisoma mbele, ameisoma nyuma, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Sasa gari iko wapi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyopita aliuza ng'ombe wake jike, yule mwekundu. Mimi nina akiba ya pesa za maharage. Tutaunganisha, tununue gari la kubeba mazao yetu na ya majirani mpaka mjini Mbarara, na siku nyingine Kikagate mpakani. Tuache kuwabembeleza wenye malori, ambao huja wakipenda na kutaja bei wanayopenda.

Nina furaha mpaka nimewasahau kuku.

Jumatano, 2 Julai

Shule ya Papa imeanza.

Kule nyumbani Kongo Papa alikuwa shoferi. Uvira, Bukavu, Baraka, Fizi, barabara zote alizijua. Tangu tufike kambi hii ya Nakivale, Uganda, hajashika usukani hata siku moja. Permi yake ya Kongo ilipotea wakati wa kukimbia, na hapa amekuwa mtu wa jembe. Ndiyo maana tumepanga hivi: mimi nitaendesha, yeye atachagua.

Darasa letu ni gari bovu la mchungaji, lile lililokaa juu ya matofali nyuma ya kanisa. Kulipata gari zuri ni bahati, anasema, lakini gari baya unaweza kulijua. Uende asubuhi. Kabla hujamsalimia mwenye gari vizuri, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini aliliwasha kabla hujafika. Gari lililopashwa moto halionyeshi linavyoamka. Fungua kifuniko cha oili, utazame ndani yake. Ukikuta ute mweupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye moteri. Moshi wa bluu, linakula oili. Tairi lililolika upande mmoja, chini kuna kitu kimepinda.

Nikamuuliza kuhusu zile namba za kilomita. Si zinaonyesha gari limetembea kiasi gani?

"Namba banarudisha nyuma," akasema. "Mupira ya pedali, hapana. Angalia mupira. Kama umekwisha kabisa na namba iko kidogo, mutu anakudanganya."

Nimelala chini ya gari la mchungaji na kitenge changu kipya. Mama amepiga kelele. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 4 Julai

Mbarara! Tumetoka kabla ya jua.

Yadi ya kwanza. Magari yamepangwa, yanang'aa, kila moja lina karatasi kwenye kioo. Nikaliona moja la rangi ya fedha. Niseme ukweli: nililipenda pale pale. Ndani kulinukia manukato kama saluni. Viti vimevalishwa vitambaa vipya. Nilijiona tayari, mkono dirishani, napita mbele ya kanisa.

Papa aliweka mkono kwenye boneti akiwa bado anaamkiana na muuzaji. Akautoa haraka.

"Nimeisogeza tu sasa hivi, ssebo," muuzaji akasema, akimwita Papa bwana kwa lugha yake.

"Hakuna shida," Papa akajibu. "Tutangojea ipoe."

Tukakaa kwenye ukuta, tukanunua chapati. Muuzaji akaja kutuambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Papa akamwambia amkaribishe naye akae. Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze. Gari lilipopoa kabisa, Papa akaomba liwashwe. Likakohoa. Likakohoa tena. Likawaka, na nyuma kukatoka moshi wa bluu, mwingi, mpaka mlinzi akahama kiti chake.

Nilisikitika kama mtu aliyeachwa na mchumba. Kisha tukiwa barabarani nikaanza kuruka. Inafanya kazi! Yote aliyonifundisha Papa yanafanya kazi!

Jumamosi, 5 Julai

Nimepalilia. Nimepika. Kichwani magari tu.

Jumatatu, 7 Julai

Sijui nianzie wapi.

Yadi nyingine, upande wa barabara ya Kabale. Mwenyewe anaitwa Kato. Kuna pikapu nyeupe pale. Papa aliiona tukiwa bado nje, akasimama. Ni aina ileile aliyoanzia kazi Uvira akiwa kijana, kabla ya kupewa lori. Akaenda moja kwa moja akaigusa mlango kwa kiganja kizima. Hakugusa boneti.

Kato ana maneno matamu. Mimi hakuniona kabisa. "Mzee, wewe najua gari, mimi naona. Ingia. Zungusha kidogo hapa ndani."

Papa akaingia.

Sijamwona na uso ule tangu nikiwa mtoto. Alizunguka yadi mara moja taratibu. Mara ya pili kwa haraka. Kisha akarudi kinyumenyume kati ya magari mawili, nafasi ndogo mno, bila kugeuza kichwa, akitazama vioo tu. Vijana wa yadi wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilitaka kulia. Nilisema moyoni: hii ndiyo, asante Mungu, hii ndiyo.

Kisha nikafanya alivyonifundisha, kwa mazoea tu. Niliweka mkono kwenye boneti. Ya moto, na si kwa mzunguko ule mdogo. Nikamwambia Papa. "Ni jua," akasema. Ndani ya taa ya mbele kulikuwa na ukungu, matone madogo yamenata kwenye kioo. "Ni umande." Umande gani, Julai, saa nne ya asubuhi? Ndani manukato tena, makali. "Kato iko mutu wa usafi."

Nilikaa kiti cha abiria, nikataka kujifunga mkanda. Ukakwama. Nikauvuta kwa nguvu, ukatoka wote mpaka mwisho. Sehemu ya mwisho, ile ambayo kila siku hukaa imejikunja ndani, ilikuwa ngumu na ina rangi ya kahawia. Nikakwaruza kwa ukucha. Udongo. Papa hakuwahi kunifundisha mkanda. Nikainama nikatazama chini ya kiti. Bolti zote zina kutu, na juu kote kunang'aa.

Nilijua wakati uleule. Gari hili lilizama. Mtoni, ziwani, sijui wapi, lakini maji yalipanda mpaka juu ya viti.

"Nyabo, matope iko kila mahali Uganda," Kato akasema, sasa akiniita bibi. "Kuna mtu nakuja na pesa saa nane. Mimi napenda tu mzee achukue."

Papa akanigeukia. "Toa pesa."

Pesa ziko kwangu, nimezifunga ndani ya kitenge. Nikasema hapana.

"Mapendo. Toa pesa."

"Papa, hii gari ilikuwa ndani ya maji."

"Nani alikufundisha gari?"

"Ni weye, Papa."

Kato akatazama viatu vyake. Sijawahi kumkatalia Papa mbele ya watu, tangu nizaliwe. Alishuka, akafunga mlango polepole, akatoka nje ya yadi bila kunitazama. Mpaka Juru alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma.

Jumanne, 8 Julai

Hakuniamkia. Amelima bila kofia mpaka jua likawa juu.

Mchana amekuja kusimama mbele yangu. "Nipe pesa ya ng'ombe yangu."

Haitoshi kununua pikapu. Inatosha kuiwekea arubuni, ili Kato asimuuzie mwingine. Na ni pesa yake, na ni haki yake. Nimempa. Mama alikuwa mlangoni ameshika mwiko, akanitazama, akamtazama, akarudi jikoni.

Nimekasirika. Anajua kuliko mimi, kwa nini hataki kuona? Halafu naona tena uso wake nyuma ya ule usukani, hasira inaisha. Ningekuwa tajiri ningemnunulia ile pikapu ikae tu hapa uani, aiendeshe mpaka kwenye migomba na kurudi.

Mimi si tajiri.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamka, Papa hayupo. Koti lake la kanisani halipo.

"Fuata baba yako," Mama akasema.

Bodaboda, kisha gari la abiria, kisha bodaboda nyingine. Njia nzima niliomba nifike kabla hajatoa pesa. Nilikuwa nimepanga maneno. Makali, kisha ya upole, kisha makali tena.

Nimefika yadi ya Kato. Koti la Papa limetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha pikapu. Kiti cha abiria kiko nje, kwenye changarawe. Na chini ya gari viatu viwili ninavyovijua vimetokeza.

Kato alinikimbilia kama mtu aliyeona mwokozi. "Nyabo, toa mzee yako! Tangu asubuhi iko chini. Aliomba spana, mimi nampa, sasa ametoa kiti!"

Nilichungulia ndani. Kapeti limeinuliwa. Chini yake kuna matope makavu yaliyopasukapasuka, yale yale ya bwawa lililokauka. Na majani makavu. Na ganda la konokono.

Papa akatoka chini polepole, akajipangusa magoti. Mkononi ana donge la udongo. Akampa Kato. Mimi hakunionyesha.

"Hii gari ilikunywa maji," akasema. "Ilikunywa mpaka shingo."

Kato akaapa kwamba alilinunua hivyo hivyo, hakujua. Inawezekana. Akaanza kushusha bei, akashusha tena. Papa akatikisa kichwa. Waya zote zitaoza, akamwambia, leo taa, kesho moteri, na siku moja itamzimikia mtu mlimani na mzigo. Akarudisha kapeti. Akarudisha kiti mwenyewe, akakaza bolti moja moja, hakukubali kusaidiwa. Alipomaliza akaomba ufunguo.

Nikasogea karibu na mlango.

Akaingia, akawasha. Iliunguruma vizuri, siwezi kukataa. Alikaa anasikiliza, mikono yote kwenye volan, usukani kwa lugha yake. Kisha akazima, akashuka, akamrudishia Kato ufunguo kwa mikono miwili.

Tulikula chapati za mayai kando ya barabara. Alikuwa amevaa koti tena, na grisi ya sikio imepaka kola.

"Juzi niliona byote," akasema. "Ile ukungu ya taa, niliiona mbele yako. Lakini nilikuwa nimeshika volan."

Nikamwambia najua.

"Leo nilikuja kuweka pesa. Kweli kabisa. Nikasema ninyanyue kapeti mara moja tu, halafu nilipe." Akatafuna. "Mukanda! Miaka yote ile sijawahi kuvuta mukanda mpaka mwisho."

Akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka mama wa chapati akatuuliza kama tuko wazima. Papa akafungua koti, akanirudishia pesa ya ng'ombe.

Leo nimempenda Papa kuliko siku zote. Na gari hatuna! Na nina furaha kama tunalo!

Ijumaa, 11 Julai

Mama mmoja wa kwaya amesikia habari za gari linalouzwa Isingiro mjini. Mwenyewe ni mkunga aliyestaafu, anaitwa Mama Kyomugisha, macho yamechoka, haendeshi tena. Kesho asubuhi. Papa amepiga pasi koti lenyewe lenye grisi. Sitalala.

Jumamosi, 12 Julai

Ni baya. Nianze na hapo. Ni kijani, kijani iliyochoka, na lina nyuma ndefu. Mlango mmoja umebonyea.

Mama Kyomugisha alitupeleka kwenye ule ubonyeo kabla hatujauulizia. "Hapa mimi nagonga ukuta ya choo yangu. Hapa ng'ombe ya jirani napiga na pembe. Tairi ya mbele imekwisha. Kwa shimo inapiga kelele. Kitu ingine sijui, mwenyewe angalieni."

Boneti baridi kabisa. Nilisikia mwili unasisimka. Papa kule, mimi huku, bila kuambizana. Oili nyeusi lakini safi, kifuniko hakina ute. Rangi ni moja kote, hakuna mlango uliong'aa kuliko mwenzake, hakuna rangi iliyorukia mipira ya vioo. Pedali zimelika, na kilomita ni nyingi, zinakubaliana. Ndani kunanukia gari la mtu mzima: vumbi, peremende na sabuni. Nikavuta mikanda yote mpaka mwisho. Safi. Papa akavuta ile ile niliyokwisha kuvuta. Safi bado.

Kadi ya gari ina jina lake mwenyewe. Nilisoma namba kwenye kadi kwa sauti, Papa akaisoma ilivyochongwa kwenye chuma cha gari. Tulifika tarakimu ya mwisho pamoja, na Mama Kyomugisha akasema "Amina", maana tulikuwa kama tunasoma zaburi.

Likawashwa. Mara ya kwanza likakataa. Mara ya pili likawaka, moshi mweupe kidogo, ukaisha.

Niliendesha mimi. Kilima cha Isingiro na gia ya pili! Kwenye sehemu nyoofu, hakuna mtu mbele wala nyuma, nikalegeza mikono kidogo: linavuta kushoto. "Ni pine," Papa akasema, akimaanisha lile tairi. "Tutabadilisha." Nikafunga breki ghafla, akagonga goti, akasema vizuri sana.

Tuliporudi, Mama Kyomugisha akamwambia Papa naye ajaribu hapo uani, uwanja ni mkubwa. Papa alilitazama gari. Nilimtazama yeye.

"Aksanti, Mama," akasema. "Shoferi ni huyu."

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta choo. Nimelia kidogo.

Jumanne, 15 Julai

LETU!

Fundi wa Mbarara alilinyanyua kabla hatujalipa, Mama Kyomugisha mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti anatazama. Breki za mbele zimekwisha. Bushi mbili, mipira ya chini ya gari, zimekufa. Basi. Mwenye gari amepunguza bei bila kusukumwa. Namba zimehakikiwa, karatasi zimewekwa saini, tairi mbili, breki na bushi mpya zimewekwa. Mama Kyomugisha akaligonga gari kwenye boneti kama anamuaga mgonjwa aliyepona, akaondoka bila kugeuka.

Nimeliendesha mimi mpaka nyumbani! Lami, kisha vumbi. Papa anasema tu, "Gia. Gia. Shimo. Mbuzi. Gia." Tulipofika Juru watoto walikimbia pande zote mbili. Nilikuwa nimepanga kupita mbele ya kanisa kwa madaha. Kwaya yote ilikuwa nje, inafanya mazoezi. Nikainua mkono kuwapungia, nikasahau klachi. Likaruka, likazima.

Wakaimba kwa nguvu zaidi. Nikawasha tena, nikapita nao wakiimba. Sijaona aibu hata kidogo.

Ijumaa, 18 Julai

Mzigo wa kwanza. Maharage yetu, na ya majirani wawili. Mbarara na kurudi. Nimeenda peke yangu. Papa alisimama barabarani mpaka vumbi likamficha. Niliimba njia nzima, vibaya, kwa sauti kubwa.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Mama ameuliza kama gari linaweza kufika Oruchinga. Dada yake anaishi kambi ile. Mara ya mwisho walipoonana, nywele za Mama zilikuwa bado nyeusi. Nauli, shamba, magonjwa. Kila mwaka walisema mwaka ujao.

Tumeenda watatu. Mama mbele, na mfuko wa maharage mapajani, alikataa kuuweka nyuma. Papa nyuma, amelala kabla hatujamaliza vilima vya Juru. Ng'ombe wenye pembe ndefu walivuka barabara. Nilizima injini tukangoja.

Dada ya Mama alikuwa anafua. Akatazama gari, hakulijua. Akamtazama Mama akishuka. Akaacha nguo ndani ya maji.

Walikaa kwenye mkeka mchana wote, wameshikana mikono, wakiongea kidogo tu. Tulikula sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Papa na shemeji yake walizunguka gari, wakaangalia tairi, wakakubaliana.

Tumerudi jua likiwa bado lipo. Mama alitazama dirishani muda mrefu, vilima, migomba, watu waliovaa nguo za kanisani. Tulipoanza kuiona njia ya Juru, akasema polepole, si kwa mtu yeyote:

"Kumbe ni karibu hivi."